Mama Mjamzito na Usiku wa Korona: Usingizi Ukikosekana, Kliniki Ikibadilika, Kafyu Ikianza

Ni saa nane za usiku, mwaka 2020. Mtaa wa Gatwekera, Kibera, umetulia kuliko ulivyokuwa wakati kama huu mwaka jana. Kafyu imefunga vibanda, bodaboda zimeegeshwa, na hata mbwa wamenyamaza. Lakini katika nyumba nyingi mwanga wa simu bado unaonekana kupitia nafasi za mabati. Ndani, mama mwenye mimba ya miezi saba amegeuka kitandani mara ya kumi. Watoto wengine wawili wamelala karibu naye, na baba yao anakoroma. Anajiuliza maswali matatu: Mbona usingizi hauji? Kliniki bado inahudumia watu kama zamani? Na uchungu ukinishika saa hizi, nani atanifikisha hospitalini?

Maswali hayo yaliulizwa pia Kawangware, kuanzia Gatina hadi Kabiro. Baada ya kisa cha kwanza cha korona kutangazwa nchini Machi 13, 2020, wanawake wengi wajawazito walijikuta wakibeba mizigo miwili, ule wa mimba na ule wa hofu. Makala haya yanajibu maswali hayo matatu kwa mpangilio. Pia yanaeleza jambo moja ambalo kila familia inafaa kulijua: kuna usiku wa kuvumilia, na kuna usiku ambao mama hafai kungoja kupambazuke.

Kwa nini usingizi haupatikani

Kukosa usingizi wakati wa ujauzito si ugonjwa mpya wala si ishara ya udhaifu. Mwili wa mama unabadilika. Homoni huongezeka, tumbo hukua na kubana kibofu, na mama hulazimika kuamka mara kwa mara kwenda haja ndogo. Kiungulia humpanda kifuani anapolala. Misuli ya miguu hukaza ghafla usiku. Mtoto naye mara nyingi huchagua kucheza wakati mama ametulia. Hali hizi huzidi katika miezi mitatu ya mwisho.

Mwaka 2020 korona iliongeza mengine juu ya hayo. Shule zilifungwa Machi, kwa hivyo watoto walikuwa nyumbani kutwa nzima na mama hakupata hata nusu saa ya kujilaza mchana. Wengi waliokuwa wakifua nguo, kupika au kusafisha katika nyumba za Kilimani, Lavington na Lang'ata waliambiwa wasirudi kazini kwa hofu ya maambukizi. Kodi ya nyumba haikusimama. Jioni, redio na simu zilitangaza idadi mpya ya walioambukizwa, kisha makundi ya WhatsApp yalileta uvumi usio na msingi. Akili iliyojaa hesabu za kodi na habari za vifo haiwezi kulala kwa kuambiwa tu ilale.

Hatua za kusaidia usingizi katika chumba kimoja

Ushauri mwingi kuhusu usingizi huandikiwa mtu mwenye chumba chake, choo ndani na mito minne. Familia nyingi za Kibera na Kawangware haziishi hivyo. Hata hivyo, kuna mambo yanayowezekana.

Kwanza, namna ya kulala. Kuanzia wiki ya 28, mama anashauriwa kulala kwa ubavu, wa kushoto ikiwezekana, badala ya kulala chali. Uzito wa tumbo ukilalia mgongo hubana mishipa mikubwa inayopeleka damu kwa mtoto. Leso au blanketi lililokunjwa likiwekwa mgongoni humzuia mama kugeuka chali, na jingine katikati ya magoti hupunguza maumivu ya nyonga. Akiamka na kujikuta amelala chali hana haja ya kuogopa. Ageuke ubavu na kuendelea kulala.

Pili, chakula na vinywaji. Chakula cha jioni kiliwe mapema, saa mbili hivi kabla ya kulala, na kisiwe na mafuta mengi. Hilo hupunguza kiungulia. Chai ya majani, kahawa na soda za kola zina kafeini inayofukuza usingizi, kwa hivyo ni afadhali zinywewe asubuhi tu na kwa kiasi. Maji yanywewe kwa wingi mchana, kisha yapunguzwe saa chache kabla ya kulala.

Tatu, choo. Mama asijizuie kwenda haja kwa kuogopa giza la njiani, kwa sababu kukaa na mkojo muda mrefu huchangia maambukizi ya njia ya mkojo, na maambukizi hayo huweza kusababisha uchungu kabla ya wakati. Ndoo yenye kifuniko ndani ya nyumba, pamoja na maji na sabuni ya kunawa mikono, ni jibu salama. Asubuhi mtu mwingine wa nyumbani aimwage.

Nne, baridi. Julai na Agosti ni miezi ya baridi Nairobi, na wengi hulala na jiko la makaa ndani ili kupata joto. Jiko hilo hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, ambayo huua watu wakiwa usingizini. Kwa mama mjamzito hatari ni maradufu, kwa kuwa sumu hiyo humnyima mtoto hewa tumboni. Jiko litolewe nje kabla ya mlango kufungwa. Blanketi la ziada, soksi na chupa ya maji moto iliyofungwa kwa kitambaa vinatosha.

Tano, miguu. Misuli ikikaza, mama anyooshe mguu na kuvuta vidole kuelekea kwake mpaka maumivu yapungue. Ikiwa miguu inamwasha au inamlazimisha kuichezesha kila anapolala, amweleze muuguzi kliniki. Wakati mwingine hiyo ni dalili ya upungufu wa madini ya chuma mwilini, na kipimo cha damu kitaonyesha. Tembe za chuma na foliki zinazotolewa kliniki zimezwe kila siku, lakini zisimezwe pamoja na chai, kwa sababu chai huzuia chuma kuingia mwilini. Vivyo hivyo odowa, ile mawe ambayo wajawazito wengi hutafuna, haiongezi damu, bali inaweza kuipunguza na kuleta minyoo.

Sita, simu na habari. Mama achague wakati mmoja wa mchana wa kusikiliza habari za korona, kutoka kwa vyombo vinavyoaminika, kisha basi. Saa moja kabla ya kulala simu iwekwe mbali. Na akikaa macho zaidi ya nusu saa, ni heri aamke, aketi, apumue taratibu au afanye kazi nyepesi, arudi kitandani usingizi unapomjia, kuliko kulala akipigana nao.

Jambo la kuepuka kabisa ni tembe za usingizi za dukani na pombe. Baadhi ya dawa hizo hupita hadi kwa mtoto. Mama asimeze dawa yoyote, ya dukani au ya miti shamba, kabla ya kumwuliza mhudumu wa afya.

Usingizi ukipotea kwa sababu ya huzuni

Kuna kukosa usingizi kunakotokana na tumbo, na kuna kunakotokana na moyo. Ikiwa kwa muda wa wiki mbili au zaidi mama ana huzuni karibu kila siku, hana hamu ya chakula wala mazungumzo, analia bila sababu anayoweza kueleza, au anaona ni heri asingekuwepo, hilo si jambo la kuambiwa ajikaze. Ni hali ya kiafya inayotibika, na wahudumu wa kliniki wanafaa kuelezwa. Shirika la Msalaba Mwekundu nchini linatoa ushauri nasaha bila malipo kupitia nambari 1199.

Wengine hawalali kwa kuwa nyumba yenyewe si salama. Wakati wa korona, kukaa ndani kwa muda mrefu na kukosa kazi kulizidisha ugomvi katika baadhi ya nyumba. Mama anayepigwa au kutishwa anaweza kupiga 1195 saa yoyote, bila malipo, akapata msaada.

Kliniki ilibadilika, haikufungwa

Miezi ya kwanza ya janga hili, uvumi ulienea mitaani kwamba anayekwenda hospitalini atapimwa korona na kupelekwa karantini. Kituo cha kutenga wagonjwa kilipoanzishwa katika Hospitali ya Mbagathi, jirani kabisa na Kibera, hofu hiyo iliongezeka. Baadhi ya akina mama waliamua kukaa nyumbani.

Ukweli ni kwamba huduma za wajawazito hazikusitishwa. Aprili 2020 Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa kuendeleza huduma za uzazi katika kipindi hicho, na vituo vya umma jijini, ambavyo wakati huo vilisimamiwa chini ya Idara ya Huduma za Jiji la Nairobi (NMS), viliendelea kuwapokea akina mama. Kilichobadilika ni utaratibu.

Langoni mama alipimwa joto la mwili, alinawa mikono na aliulizwa kama alikuwa na kikohozi, homa au shida ya kupumua. Barakoa ilikuwa lazima. Viti vilipangwa mbalimbali na idadi ya walioingia kwa wakati mmoja ilipunguzwa, kwa hivyo mama aliweza kupewa siku na saa maalum badala ya kupanga foleni kuanzia alfajiri. Mara nyingi hakuruhusiwa kuingia na msindikizaji, wala watoto wadogo. Mafunzo ya pamoja, yale ya akina mama kuketi wengi na kufundishwa, yalipunguzwa. Mama ambaye hali yake ilikuwa nzuri aliweza kupewa tembe za muda mrefu zaidi na kuambiwa tarehe ya kurudi.

Mabadiliko hayo yalikuwa na upande wake mgumu. Mazungumzo na muuguzi yalikuwa mafupi, na yale maswali ambayo zamani mama mmoja aliuliza kwa niaba ya wote hayakuulizwa tena. Ndiyo sababu ni vyema mama aandike maswali yake nyumbani, nyuma ya kijitabu chake cha mama na mtoto, au ayarekodi kwenye simu. Suala la kukosa usingizi liwe mojawapo. Asione haya kulitaja kwa kudhani ni dogo.

Ziara hizi ni muhimu kwa sababu hatari kubwa za ujauzito hazionekani kwa macho. Presha hupimwa kwa mashine. Protini huonekana mkojo unapopimwa. Upungufu wa damu, kaswende na virusi vya HIV hujulikana kwa kipimo, na vyote vikigunduliwa mapema vina tiba inayomlinda mtoto. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mama aonane na mhudumu mara 8: kabla ya wiki ya 12, kisha wiki ya 20, 26, 30, 34, 36, 38 na 40. Hata kabla ya korona tulikuwa nyuma. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2014 ulionyesha kwamba asilimia 58 tu ya akina mama nchini walihudhuria kliniki mara 4 au zaidi. Utafiti huo huo ulikadiria kwamba kati ya kila watoto 100,000 wanaozaliwa wakiwa hai, akina mama 362 hufariki kutokana na ujauzito au kujifungua. Kila ziara inayoachwa humrudisha mama kwenye hesabu hiyo.

Mama aliyekosa siku yake kwa hofu au kwa kukosa nauli hajachelewa. Aende siku inayofuata. Wakazi wa Kibera wana vituo kama Kibera South na Lang'ata. Wa Kawangware wana Riruta, Waithaka na Hospitali ya Mutuini. Mwaka 2020, kupitia mpango wa Linda Mama, huduma za kliniki, kujifungua na baada ya kujifungua hazikulipiwa katika vituo vya umma. Mama alijisajili kwa kitambulisho chake kituoni, au kwa simu kupitia *263#. Aliyekuwa chini ya miaka 18 alijisajili kwa kitambulisho cha mzazi au mlezi.

Usiku usio wa kungoja asubuhi

Turudi kwa yule mama wa saa nane usiku. Tuseme kichwa kinamuuma sana tangu jioni. Ni rahisi ajiambie, au aambiwe na jirani, kwamba ni uchovu wa kukosa usingizi na kwamba kafyu itaisha saa kumi alfajiri, angoje. Lakini kichwa kinachouma sana katika nusu ya pili ya ujauzito, hasa pamoja na macho kuona ukungu au vimulimuli, maumivu ya juu ya tumbo, au uso na mikono kuvimba, kinaweza kuwa dalili ya presha ya ujauzito inayoelekea kifafa cha mimba. Hali hiyo haingoji asubuhi. Ni moja kati ya visababishi vikubwa vya vifo vya akina mama, pamoja na kutokwa na damu nyingi.

Dalili nyingine za kutoka usiku huo huo ni hizi: kutokwa na damu ukeni, hata kidogo, maji kuvunjika, uchungu kuanza kabla ya wiki ya 37, homa kali, kupumua kwa shida, degedege, maumivu makali ya tumbo yasiyokoma, na mtoto kuacha kucheza au kucheza kwa nadra kuliko kawaida yake. Kuhusu hili la mwisho, mama anayekaa macho usiku ana faida moja: anajua vyema mwendo wa mtoto wake. Akiona umebadilika, aamini anachokihisi.

Kafyu ilipoanza Machi 27, 2020, ikiwa ni kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, hapakuwa na matatu wala teksi za kutosha kwa mama aliyeshikwa na uchungu. Dkt Jemimah Kariuki, daktari wa uzazi katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, aliona idadi ya wanaokuja kujifungua ikipungua huku wanaofika wakiwa na matatizo makubwa wakiongezeka. Alijitolea kupitia mtandao kuwabeba akina mama. Simu zikawa nyingi kuliko uwezo wake. Kutokana na hilo ukazaliwa mwishoni mwa Aprili mpango wa Wheels for Life, uliowaunganisha madaktari, kampuni ya teksi ya Bolt, shirika la Amref na huduma ya ambulensi ya Rescue.co.

Mama au jamaa yake alipiga 1195 bila malipo wakati wa kafyu. Daktari alimsikiliza na kumwuliza maswali. Kama lilikuwa jambo la kutulizwa kwa ushauri, alishauriwa hapo hapo. Kama alihitaji kufika hospitalini, alitumiwa teksi yenye kibali, na kama hali ilikuwa mbaya, ambulensi. Hakulipishwa nauli. Ingawa Juni 2020 kafyu ilisogezwa hadi saa tatu usiku, saa saba zilizobaki bado zilikuwa ndefu kwa mama mwenye uchungu, na nambari hiyo ilifaa iwe kwenye simu ya kila jamaa.

Mpango ulioandikwa mchana hutuliza usiku

Hofu nyingi za usiku hutokana na maswali yasiyo na majibu. Yakijibiwa mchana, usingizi hupata nafasi. Familia iketi pamoja na kuamua mambo haya mapema, kufikia mwezi wa saba: mama atajifungulia kituo gani, na kama kuna tatizo, rufaa itakuwa hospitali gani, nani atakayemsindikiza, nani atabaki na watoto, na ni jirani gani anayejua njia ya kutoa mtu hadi barabara kubwa ambako gari linaweza kufika. Hili la mwisho ni muhimu, maana vichochoro vingi havipitiki kwa gari. Alama ya kumwelekeza dereva ikubaliwe mapema: kanisa, shule, au mlingoti wa taa unaojulikana.

Mkoba uwe tayari, na ndani yake kitambulisho, kijitabu cha kliniki, nguo za mtoto, pamba, leso mbili, barakoa mbili na pesa kidogo. Simu iwe na chaji kila jioni. Mhudumu wa afya wa kujitolea wa eneo ajulishwe, na mzee wa mtaa pia, ili usiku wa haja watu wasianze kuulizana.

Wakunga wa jadi wana nafasi yao. Wanajulikana na wanaaminika, na wanaweza kumsindikiza mama, kumtuliza na kumkumbusha dalili za hatari. Kujifungulia nyumbani kwa kuogopa korona ni hatari kubwa zaidi, kwa sababu damu ikianza kutoka kwa wingi hakuna chumbani kitakachoizuia.

Nao waume wana kazi. Baba akiwaangalia watoto saa moja mchana, mama atapata usingizi ambao usiku ulimnyima. Akibeba mtungi wa maji na kumwaga ndoo asubuhi, amepunguza mzigo. Na akiambiwa saa nane za usiku kwamba kichwa kinauma na macho hayaoni vizuri, asiseme tungoje kuche. Achukue simu na kupiga.

Nambari za kuhifadhi, zote bila malipo: 1195 kwa visa vya ukatili wa nyumbani, na 1199 kwa ushauri nasaha.